Zisafishe Zote, Usiache Hata Moja

Mama yetu mzazi, uliyeketi hapo mbele na ambaye kwa ajili yako tumekutana, Baba Mdogo, uliyebaki peke yako katika rika la baba yetu, mashangazi zetu, ndugu zangu wa tumbo moja, wakwe zetu, mliovumilia vikao vya ukoo huu kuliko tulivyostahili, nanyi watoto na wajukuu mliobanana mlangoni kwa kukosa viti: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa nafasi yake, na niliyemsahau ajihesabu wa kwanza.

Mnajua kwamba Mama ana presha ya macho. Mwishoni mwa mwaka jana daktari alimweleza kwamba nuru yake itazidi kufinyika kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, mpaka tundu lenyewe lizibe. Kabla ya hapo Mama alitaka kitu kimoja tu: kumwona binti yake, mdogo wangu tuliyemzika mwaka juzi, japo kwa picha. Picha hizo zilikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu. Mwana wa marehemu, ambaye ni fundi wa kompyuta katika mji wa mbali, alipewa kazi ya kuitoa diski humo na kuihamishia kwenye kompyuta nyingine. Na mnajua kwamba leo picha hazipo.

Tangu hapo tumekuwa nyumba ya pande mbili. Wapo wanaosema kijana alikusudia, kwa kuwa ana kinyongo. Wapo wanaosema Mama amezeeka na hajui tena anachoagiza. Nimesikia yote mawili, tena mengine nikiwa msalani, kwa maana kuta za nyumba hii ni nyembamba kuliko adabu za waliomo. Nimemwomba Mama ruhusa ya kuwasomea barua zao, na amekubali. Za kijana alikuwa amezitunza yeye. Zake yeye alizirudisha kijana mwenyewe. Mama haisikii simu, ndiyo maana waliandikiana. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na kishawishi cha kusahihisha nakijua. Leo sitasahihisha hata nukta.

*

9 Januari

Mume wangu mdogo,

Pokea salamu za mkeo mkubwa asiye na wivu. Mimi ni mzima, ila magoti yameanza kunijibu jeuri. Mjomba wako amestaafu ualimu lakini ualimu haujamstaafu yeye. Juzi alimsimamisha muuza mkaa kwenye jua kali akamfundisha ngeli. Mkewe amefungua duka la sare za shule na hatuna nafasi ya kukaa sebuleni kwa kola na vifungo. Jirani yetu mshonaji anakusalimu, tena anauliza kama umeoa. Nimemwambia umeshaoa, mimi. Amesema basi atasubiri zamu.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Kompyuta ya mama yako imekufa. Nilimwita fundi redio wa hapa mtaani akaibonyeza, ikaguna, ikanyamaza. Akasema, "Bibi, huyu mwili wake umekwisha, ila kumbukumbu zake zipo. Ziko kwenye diski. Tafuta mwili mwingine, umhamishie." Nikamuuliza, "Wewe ni fundi redio au mhubiri?"

Basi nimeikabidhi kwa dereva wa basi la mizigo. Nimemwambia akiiangusha tutakutana mbinguni, tena palepale mlangoni. Ikifika, tafuta kompyuta nyingine iliyotumika lakini yenye afya. Mjomba wako ameshakubali kuigharamia, na usimkumbushe kwamba alikubali. Diski uihamishe jinsi ilivyo. Humo mna barua za mama yako na maandalio yake ya masomo, navyo navitaka.

Ila kabla hujaihamisha, jambo moja. Picha za mama yako zisafishe zote. Usiache hata moja. Sitaki zibaki humo ndani ya mashine. Na usiniulize kwa nini, utanielewa siku moja. Fanya upesi.

Macho yangu mazima, kama utauliza. Namwona paka akiwa bado kwa jirani.

Mkeo,
Bibi

*

2 Februari

Shikamoo Bibi,

Mzigo umefika salama. Dereva aliubeba mwenyewe mpaka kibandani na kusema, "Huyo bibi yako sitaki deni naye."

Mimi sijambo. Bado tuko kwenye kile chumba chini ya ngazi za jengo la mawakili, na kila wakili akishuka vumbi la kiatu chake linaanguka kwenye chai yetu. Mwenzangu ninayefanya naye kazi, yule tunayemwita Fyuzi kwa jinsi anavyowaka na kuzimika, anakuamkia. Amepata mtoto wa kike. Tangu apate mtoto hajamtukana mteja hata mmoja, na wateja wameanza kuwa na wasiwasi.

Nimeifungua kompyuta ya mama. Kwenye feni palikuwa na vumbi la chaki limegandamana. Fyuzi akauliza, "Mwenye mashine hii alikuwa anaifundisha hesabu?" Nikasema ndiyo. Diski ilikuwa imefungwa kwa skrubu tatu. Mahali pa ile ya nne palikuwa na kibanio cha nywele kilichokunjwa kikakazwa kwa koleo. Nilikaa nacho mkononi muda. Kisha nikatafuta skrubu.

Diski yenyewe ni nzima. Haikwaruzi, haigongi. Nimepata kompyuta iliyotoka kwenye ofisi ya mawakili hapo juu, imetunzwa vizuri, na diski nimeifunga humo. Kesho naijaribu.

Kuhusu lile ombi lako, sikuuliza kwa nini, kama ulivyotaka. Hapa kibandani tuna kanuni: hatufungui faili za mteja, tunafanya tulichoagizwa. Nililitii neno lako kama mama angelitii. Nimezisafisha zote, Bibi. Na nilitumia ile njia ya wateja wakubwa, si ya harakaharaka.

Salimia Mjomba.

Mjukuu wako

*

14 Februari

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama uani, sikungoja kukaa. Mshonaji alidhani nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia ndiyo, nimeshinda.

Hongera kwa Fyuzi. Mwambie wivu wa mtoto wa kike hauishi. Hata akiwa na mvi, mtu akimtazama vibaya utataka kumpiga.

Sasa niambie, maana umeandika kwa ubahili kama mtu anayelipia kila neno. Zimetoka vizuri? Au zipo zilizogoma? Zile za zamani najua ni ngumu. Mama yako alihangaika nazo mwaka wake wote wa mwisho, amelala ubavu, mashine ya kunakilia picha iko juu ya kigoda. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Mama, nikipumzika ukungu haupumziki."

Hapa kwetu hakuna jipya. Mjomba wako amepoteza miwani yake na kumtuhumu kila mtu, kisha ikakutwa kwenye jokofu. Mimi niliipita mara mbili sikuiona, lakini hilo ni la uzee tu.

Mkeo,
Bibi

*

1 Machi

Shikamoo Bibi,

Hakuna iliyogoma. Za zamani na za karibuni, zimetoka zote. Hata mtaalamu akiitazama hiyo diski leo hataona alama. Kwa hilo usiwe na shaka.

Mashine naituma kwa dereva yuleyule. Fundi redio akusaidie kuchomeka waya: wa kioo una skrubu mbili pembeni, asiulazimishe. Barua za mama na maandalio yake utavikuta pale pale alipoviweka; sikugusa.

Bibi, niseme moja, kisha nisilirudie. Nilitamani kukuomba uniachie picha moja. Niliona aibu, nikanyamaza, na sasa yameshapita. Kila mtu huomboleza kwa namna yake. Mimi sitakuhukumu.

Huku mvua imeanza. Mawakili wanashuka na miavuli, nasi tunapata maji badala ya vumbi.

Mjukuu wako

*

30 Machi

Mume wangu,

Mashine imefika na imewaka! Fundi redio alichomeka waya kwa mikono ya mkunga. Mshonaji alipiga vigelegele hadi watu wakaja kuuliza nani anaolewa. Nimesoma barua za mama yako kwa kuzikuza herufi, nimeona na mtihani alioutunga. Swali la saba lina kosa. Mjomba wako alipoligundua alifurahi, kisha akatoka nje, na niliposogea nilimkuta ameegemea tangi la maji analia.

Sasa bahasha ya picha iko wapi? Nimemhoji dereva. Ameapa kwa mama yake na kwa mkewe kwamba hakupewa. Nikampekua mpaka chini ya kiti. Nimekuta soksi moja tu. Ulimpa nani? Kama zilikuwa nzito ukazituma kwa posta, niambie jina la posta, mjomba wako atakwenda kusimama dirishani.

Nimeshanunua albamu. Ina kurasa ngumu na karatasi laini katikati, zisigusane.

Na wewe mjinga, uone aibu kuniomba picha moja ya mama yako mwenyewe? Chagua uipendayo. Chagua mbili. Zilizobaki nitumie. Tena uliandika kwamba hutanihukumu. Unihukumu kwa lipi, mwanangu? Nimeisoma sentensi hiyo na kuirudia, sijaielewa.

Upesi, tafadhali.

Bibi

*

Ndugu zangu, barua inayofuata ina maneno machache, lakini imejaza kurasa tatu kwa ukubwa wa herufi zake.

*

5 Mei

Mwanangu,

Hujajibu. Je, unaumwa? Mwambie Fyuzi aniandikie kama huwezi.

Albamu iko mezani.

Bibi

*

28 Mei

Shikamoo Bibi,

Siumwi. Barua zako zote mbili nilizipata. Nimeanza kukujibu na kuchana, nikaanza na kuchana, mpaka Fyuzi akaniuliza kama namwandikia mkopeshaji au mchumba. Leo sitachana.

Niliposoma neno "bahasha" niliweka koleo chini. Nikafunga kibanda nikaenda kwa mzee mmoja mwenye studio nyuma ya soko, anayepiga zile picha ndogo za vyeti. Nikamwamkia nikamuuliza, "Mzee, mtu akisema 'nisafishie picha', anataka nini?" Akacheka. "Anataka uzitoe kwenye filamu ziwe karatasi, azishike mkononi. Sisi wote wa zamani tunasema hivyo. Kwani wewe ulidhani uzipige deki?"

Ndivyo nilivyodhani, Bibi.

Kwetu kibandani kusafisha ni kufuta. Mteja akiuza mashine yake husema "nisafishie", nasi tunaondoa kila kilichomo. Kuziweka kwenye karatasi tunaita kuchapa. Studio ya Babu ilifungwa kabla sijazaliwa, na neno lenu hilo sijawahi kulisikia. Wewe uliandika zisafishe zote, usiache hata moja, sitaki zibaki humo. Nilisoma kila neno, na kila neno lilinipeleka kulekule.

Utauliza kwa nini mtoto afute picha za mama yake bila kushtuka. Nilishtuka. Lakini nilikumbuka nilipokuja kumwona siku zake za mwisho nikiwa na kamera ya kuazima. Alijifunika shuka usoni akasema, "Usiniweke hivi." Nikadhani zilizomo ndani ni za wakati ule, watu walimpiga picha akiwa hana nguvu za kukataa, na kwamba wewe umeona alichotaka yeye ndicho kitendeke. Kwa hiyo sikufungua hata moja. Nilikwambia ni kanuni ya kazi. Kanuni ipo, lakini siku ile nilijificha nyuma yake kwa sababu sikuwa na moyo wa kumtazama. Ningefungua moja tu ningemkuta ana miaka sita amevaa viatu vya Babu, na mkono wangu ungesita. Sikujua hizo ndizo zilizokuwa humo mpaka ulipoandika kuhusu ile mashine ya kunakilia aliyoziingizia kwenye kompyuta. Hata hapo niliisoma nikaipita.

Kama ningezifuta tu, zingerudi. Hiyo ni kazi ya siku moja. Lakini mimi niliandika juu yake, nikaandika tena juu ya nilichoandika, ili asije mtu akazifukua. Ni kama mwalimu aliyefuta ubao kisha akaupaka rangi. Nilifanya kazi nzuri, Bibi. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Sikuweka nakala. Picha za karatasi ninajua zilioza stoo paa lilipovuja, na mkazichoma. Na filamu zake, zile negativu, najua zilikwenda na ukungu huohuo. Nimetafuta kwangu. Nina moja, amenibeba nikiwa mchanga, lakini ameinama kunitazama na kinachoonekana ni kilemba.

Sijui niombe nini. Msamaha ni mdogo.

Mjukuu wako

*

16 Juni

Mume wangu mdogo,

Mkono huu si wangu, ni wa mshonaji. Nasema, anaandika. Akikosea herufi, laumu sindano.

Sote hatujambo. Mjomba wako ana mafua. Duka la sare limehamia chumba chako, kwa hiyo ukija utalala na kaptula arobaini.

Barua yako nilisomewa mara moja tu, ikanitosha. Sitakudanganya kwamba sikulia. Nililia mpaka mshonaji akafunga cherehani, na huyu hafungi cherehani hata kukiwa na msiba. Nilisema maneno mabaya pia, juu yako. Hayo siyarudii kwa sababu anayeandika ni mstaarabu. (Si kweli, Bibi alisema niandike "mbea". Mshonaji.)

Kisha nilikaa nikafikiri. Nimesafisha picha za watu ujana wangu wote. Babu yako akipiga, mimi ndiye niliyekuwa kwenye chumba cha giza, mikono ndani ya dawa mpaka kiwiko. Maharusi wa mji huu wote nimewaona wakitokea kwenye maji kabla ya wao kujiona. Nyumba yetu wenyewe haikuwa na picha ukutani, mganga hajigangi. Za kwetu zilikuwa kwenye sanduku lile la stoo. Nazo za watu wengine usihangaike kuzitafuta, maana mama yako hayumo. Kila palipopigwa picha, yeye ndiye aliyeshika taa. Ile ya kitambulisho ipo, lakini huyo si yeye. Huyo ni mtu aliyeudhiwa na karani.

Neno lile ni langu, na nilikuandikia kana kwamba ulizaliwa mle chumbani. Lakini si neno tu lililotuponza. Nilikwambia usiniulize kwa nini. Mtu akifungiwa mlango wa kuuliza, ataingilia dirishani. Nawe ulinyamaza na jambo lako la kamera, mimi nikanyamaza na langu.

Langu ni hili. Sioni, mwanangu. Upande wa kulia umekwisha. Wa kushoto umebaki mviringo mdogo katikati. Naona kitu kilicho mbele yangu kabisa, tena kikiwa karibu na kwenye mwanga. Nilitaka kuzijaza picha hizo machoni kabla ya kufungwa. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umezika, sikutaka uanze kuhesabu msiba mwingine.

Sasa sikiliza, nawe usibishane na mke wako. Wewe una nyusi zake, zilizokutana katikati. Una kidevu chake. Na ukicheka jicho la kushoto hufumba kwanza, kama la kwake, kama la babu yako. Njoo ukae mbele yangu karibu na dirisha. Usilete kitu. Usilete picha ya kilemba, usilete maneno. Njoo na uso.

Njoo mwezi huu. Daktari hanipi mingi.

Bibi

*

4 Julai

Shikamoo Bibi,

Natumaini Mjomba amepona mafua.

Sitakuja. Nimekata tiketi mara mbili, na mara ya pili nilifika hadi kwenye ngazi ya basi, kondakta akaniambia, "Panda au shuka, wewe si kizibo." Nikashuka.

Bibi, ukinitazama utakuwa unamtafuta yeye, na utakayemkuta ni aliyemfuta. Sitaki hilo liwe jambo la mwisho macho yako kuliona. Afadhali ubaki naye kichwani kama alivyo.

Tangu nisome barua yako nanyoa bila kioo. Fyuzi ameniuliza kama najinyoa au nachonga mwiko.

Nakurudishia barua zako zote. Siwezi kukaa nazo chumba kimoja. Uniombee tu.

Mjukuu wako

*

Hizo ndizo barua, na hapo ndipo zinapoishia.

Mmesikia. Aliyesema kijana ana kinyongo ameyasikia. Aliyesema Mama hajui anachoagiza naye ameyasikia, na namwona ameinamisha kichwa. Ainue, hatukuja kuaibishana. Mama aliagiza sawasawa kwa Kiswahili chake. Kijana alitii sawasawa kwa Kiswahili chake. Mimi niliyefundisha lugha hiyo maisha yangu yote nilikuwa naishi na mmoja wao, nilimsikia akitamka agizo hilo alipokuwa akiliandika, na sikuona kasoro yoyote, kwa sababu nami ni mtoto wa studio.

Jumatatu nilimpeleka Mama kwa daktari. Alimulika jicho la kushoto kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilipomuuliza bado muda gani, alisema, "Mwalimu, kama kuna kitu anataka kukiona, msikiweke kiporo."

Basi mimi, Baba Mdogo na Mama mwenyewe tumekwisha kuafikiana, nami nawatangazieni si kwa kujadiliwa bali kwa kutekelezwa. Kwanza, suala la nani alikosea limefungwa leo, na atakayelifungua hatakaa tena kikao cha ukoo huu nikiwa hai. Pili, kijana asiyeweza kuja kutazamwa atafuatwa. Mkwe wetu mwenye gari ameshalitia mafuta. Utaendesha wewe, mkwe, na mimi nitakupokea usukani njiani. Mshonaji atakaa nyuma na Mama. Tukiondoka sasa tutafika kesho asubuhi, kibanda kinapofunguliwa na jua linapoingia moja kwa moja chini ya zile ngazi. Fyuzi nimezungumza naye, ameahidi kumweka kijana kitini na kukaa mlangoni na mwili wake wote. Tatu, asiwepo miongoni mwenu wa kumpigia simu kumtahadharisha. Akijua, atatoroka, na mwendo wa pili Mama hana.

Shangazi, chukua blanketi. Wajukuu, pisheni mlango.

Mleteeni Mama viatu vyake.